Usirudi Nje ya Pazia



Kuna ujumbe ninaoupokea kwenye simu karibu kila wiki. Watu hubadilika, lakini maneno ni yale yale: "Mchungaji, niombee wewe, maana Mungu anakusikia kuliko mimi." Kukuombea nitakuombea, kwa sababu Neno linatuagiza kuombeana (Yakobo 5:16). Lakini hiyo sehemu ya pili ya ujumbe wako siwezi kuiitikia amina. Si kweli. Na uwongo huu umeanza kuwagharimu watu pesa, ndoa na hata imani.

Juzi dada mmoja aliniambia alituma shilingi elfu tano ili apangiwe siku ya kumwona mtumishi fulani. Akasafiri usiku kwa basi, akapanga foleni tangu saa kumi na moja alfajiri, na alipoingia akapewa dakika chache tu. Dada huyu ameokoka zaidi ya miaka kumi. Ana Roho Mtakatifu, ana Biblia kwenye mkoba na nyingine kwenye simu. Nilimuuliza, "Ulikuwa unaenda kuuliza nini?" Akasema, "Nilitaka kujua kama Mungu bado ananikumbuka."

Mpendwa, swali hilo lilijibiwa Kalvari. Lakini sitaki kukukemea haraka. Nataka tutazame watakatifu wa zamani walikuwa na nini na hawakuwa na nini, kwa sababu nina hakika mtu anayejua alichopewa hawezi kulipa nauli kwenda kutafuta kidogo kuliko hicho.

Waebrania 11 tunaipenda sana. Habili, Nuhu, Ibrahimu, Sara, Musa, Rahabu. Tunaihubiri kila mwaka. Lakini wengi wetu huishia kwenye ushujaa na kuruka mistari miwili ya mwisho, wa 39 na wa 40. Hapo mwandishi anasema watu hao wote, pamoja na sifa yao njema, walikufa kabla ya kuipokea ile ahadi, kwa kuwa Mungu alikuwa ameweka kitu kilicho bora kwa ajili yetu. Hilo neno "bora" ndilo moyo wa waraka wote. Katika Kiyunani mwandishi analitumia mara 13: tumaini lililo bora, agano lililo bora, ahadi zilizo bora. Aliwaandikia Wayahudi waliomwamini Yesu lakini wakaanza kutamani kurudi kwenye mfumo wa zamani, ule wenye kuhani unayemwona kwa macho na madhabahu unayoweza kuigusa. Unaona tunavyofanana nao?

Twende Yerusalemu kidogo, kwenye hekalu la siku za Yesu.

Ungeingia kwanza kwenye ua mkubwa wa nje. Hapo kila mtu aliruhusiwa, hata sisi Mataifa. Ukisonga mbele ungekuta ukuta mfupi wa mawe, na juu yake vibao vya onyo. Kimoja cha vibao hivyo kilifukuliwa Yerusalemu mwaka 1871, na leo kimehifadhiwa kwenye makumbusho ya Istanbul, Uturuki. Kimeandikwa kwa Kiyunani, na ujumbe wake ni kwamba mgeni asiye Myahudi akipita hapo na akamatwe, kifo chake ni juu yake mwenyewe. Hawakuwa wakitania. Soma Matendo 21:27-29 uone fujo iliyotokea pale watu walipodhani tu kwamba Paulo amemwingiza Trofimo, Mwefeso, ndani ya hekalu. Walitaka kumuua Paulo.

Sasa jiweke pale. Wewe Mluhya, wewe Mkamba, wewe Mgiriama, wewe Mkalenjin. Ungesafiri, ungekuja na sadaka yako na machozi yako, na ungekutana na jiwe hilo. Safari yako ingeishia hapo. Kama ungekuwa mwanamke wa Kiyahudi ungepita, lakini kwa kawaida ungebaki ua wa wanawake. Mwanamume wa Kiyahudi angesonga mbele kidogo. Makuhani wangeingia ndani ya nyumba yenyewe. Na nyuma ya pazia, Patakatifu pa Patakatifu, aliingia mtu mmoja tu, siku moja tu kwa mwaka.

Hebu msome mtu huyo katika Mambo ya Walawi 16. Sura inaanza kwa kukumbusha vifo vya wana wawili wa Haruni waliokaribia mbele za Bwana vibaya. Haruni aoge kwanza. Avue mavazi ya fahari avae ya kitani. Achinje ng'ombe kwa ajili ya dhambi zake mwenyewe na nyumba yake, kabla hajafikiria za watu wengine. Aingie na uvumba ili moshi ufunike kiti cha rehema asije akafa. Na wakati yumo ndani, asiwemo mtu mwingine yeyote katika hema. (Mmewahi kusikia wahubiri wakisema alifungwa kamba mguuni ili akifa wamvute nje. Hiyo haimo katika Biblia, tuiache.) Halafu baada ya hayo yote, mwaka ujao anarudia. Damu ya mwaka jana haikumaliza kazi. Waebrania 10:1-4 inaeleza wazi kwamba sadaka hizo ziliwakumbusha watu dhambi zao mwaka baada ya mwaka, kwa sababu damu ya wanyama haina uwezo wa kuziondoa.

Fikiria kuishi hivyo. Unatenda dhambi mwezi wa pili, na moyo wako unajua kwamba mambo haya yatarudi mezani tena na tena, mwaka hata mwaka.

Ndipo ukifika Mathayo 27:51, usisome mbio. Yesu anakata roho, na pazia linapasuka vipande viwili, kuanzia juu kwenda chini. Kama ingekuwa mkono wa mwanadamu ungeanzia chini, mahali unapofika. Huyu aliyepasua alikuwa juu. Na Paulo, yule yule aliyetaka kuuawa kwa sababu ya Mwefeso mmoja, akawaandikia Waefeso kwamba Kristo ameubomoa ukuta uliotutenga (2:14). Nadhani alipokuwa akiandika maneno hayo alilikumbuka lile jiwe.

Kwa hiyo unaponiambia Mungu ananisikia mimi kuliko wewe, unajenga tena ukuta. Unaniweka mimi upande wa ndani na wewe unasimama kwenye ua wa nje, kwa hiari yako, mahali ambapo mlango uko wazi. Mimi ni mchungaji wako. Nitakufundisha, nitakuonya, nitakutembelea hospitali, nitalia nawe matangani. Lakini kuhani wako si mimi. Mpatanishi ni mmoja (1 Timotheo 2:5), na hiyo nafasi haijatangazwa kuwa wazi.

Usinielewe vibaya. Watu wa zamani waliomba na Mungu akawasikia. Mwangalie Hana katika 1 Samweli 1. Mwanamke tasa, anayechokozwa na mke mwenza, anakwenda Shilo mwaka hata mwaka. Kuhani Eli ameketi pale pale mlangoni. Hana hakumwendea kumwambia, "Baba, niombee." Alimmiminia Bwana roho yake mwenyewe, midomo ikicheza bila sauti, na yule kuhani akadhani amelewa! Mtumishi alikosea kabisa kumsoma mama huyu, lakini Mungu hakukosea. Na Hana alifanya hivyo kabla ya msalaba, kabla pazia halijapasuka, kabla ya Pentekoste. Wewe unayesoma hapa kwenye simu yako una zaidi ya Hana. Kwa nini basi uwe na ujasiri kidogo kuliko wake?

Na tukitaja Pentekoste, hapa ndipo ninapotaka tukae, maana sisi tunajiita Wapentekoste.

Zaburi ya 51, baada ya habari ya Bathsheba, Daudi anamsihi Mungu asimwondolee Roho wake Mtakatifu. Kwa nini aliomba hivyo? Kwa sababu alikuwa ameona. Alikuwa kijana aliyempigia Sauli kinubi, akaona kwa macho yake mtu ambaye Roho wa Bwana alimwacha (1 Samweli 16:14). Daudi alijua kwamba Roho anaweza kuja juu ya mtu kwa kazi fulani, na anaweza kuondoka. Samsoni naye aliamka kutoka usingizini akidhani atajikung'uta kama siku zote, na hakujua kwamba Bwana amemwacha (Waamuzi 16:20). Huo ndio ulikuwa woga wa wapakwa mafuta wa agano la kale. Na kumbuka walikuwa wachache: mfalme huyu, nabii yule, mwamuzi fulani. Mama aliyekuwa akichota maji kisimani hakuwa kwenye orodha.

Musa aliuona upungufu huo. Katika Hesabu 11, Roho alipowashukia wale wazee sabini, na Eldadi na Medadi wakatabiri kambini, Yoshua alitaka wakatazwe. Musa akamwambia, kwa maana yake, kwamba yeye angependa watu wote wa Bwana wawe manabii, wote wawe na Roho. Ilikuwa ni tamaa tu ya mzee aliyechoka. Karne nyingi baadaye Yoeli akaigeuza kuwa ahadi: wana na binti, wazee na vijana, hata watumwa na wajakazi. Kisha siku ya Pentekoste ndimi za moto zikakaa juu ya kila mmoja wao, na Petro akasema, hili ndilo lile la Yoeli.

Kila mmoja wao, mpendwa. Hakuna aliyeachwa apate moto kwa kuegemea bega la Petro.

Yesu alikuwa amesema mapema kwamba Msaidizi huyu angekaa nao milele (Yohana 14:16). Daudi angeyasikia maneno hayo angecheza kuliko alivyocheza mbele ya sanduku. Wewe unayo ahadi ambayo mfalme aliyeandika zaburi nusu ya zile tunazoimba hakuwa nayo, halafu unasafiri usiku kucha kwenda kumuuliza mtu Roho anasema nini.

Mambo mengine mawili nitayapitia kwa haraka.

La kwanza ni Neno. Ibrahimu hakuwa na hata ukurasa mmoja wa Biblia. Katika siku za mfalme Yosia kitabu cha torati kilikuwa kimepotea, tena ndani ya hekalu lenyewe, na kilipopatikana mfalme akararua mavazi yake kwa yale aliyosikia yakisomwa (2 Wafalme 22). Hata hapa kwetu, Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mwaka huo huo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Biblia nzima ya Union Version, hii ambayo wengi wetu tulikaririshwa mistari yake Sunday school, ilitoka mwaka 1952. Huo si mwaka wa mbali, kuna bibi na babu kanisani kwetu waliozaliwa kabla yake. Leo iko kwenye simu bure, ukiishapakua haidai hata bando. Ajabu ni kwamba kadiri Neno lilivyotukaribia, ndivyo tulivyopenda zaidi kuambiwa kuliko kusoma.

La pili ni kifo. Hezekia alipougua alilia akasema kaburi haliwezi kumsifu Mungu (Isaya 38:18). Mcha Mungu kabisa, lakini mbele ya kifo alikuwa kama mtu aliyeshika mshumaa kwenye upepo. Walikuwa na vidokezo vya ufufuo, naam, Danieli 12 ipo, Ayubu 19 ipo. Lakini hawakuwa na kaburi tupu. Paulo naye, akiwa kifungoni, anaandika kwamba kuondoka akakae na Kristo ni vizuri zaidi sana kwake (Wafilipi 1:23). Kati ya Hezekia na Paulo kuna Jumapili moja asubuhi. Ndiyo maana tunapowazika wapendwa wetu tunalia, tena sana, na bado tunaimba.

Sasa najua wengine wenu mmeshaanza kuandika maswali. Niyajibu yale ninayoyasikia mara nyingi.

"Mchungaji, lakini 1 Samweli 9 inasema usiende kwa nabii mikono mitupu." Mstari huu umetumika sana kukusanya pesa za watu. Haya, tuusome wote. Sauli anatafuta punda wa baba yake. Anamwambia kijana wake kwamba hawana kitu cha kumpelekea mtu wa Mungu, na kijana anasema ana robo shekeli ya fedha. Hayo ni mawazo ya Sauli na kijana wake wakiwa njiani. Endelea kusoma. Wanapofika, hakuna mahali popote pameandikwa kwamba Samweli aliipokea hiyo fedha. Kilichoandikwa ni kwamba Samweli aliwaketisha mahali pa heshima na kuwapa chakula, paja lililokuwa limetengwa. Nabii ndiye aliyemlisha mgeni! Na Elisha alikataa zawadi za Naamani, na Gehazi aliyezifuata kwa siri akarudi na ukoma (2 Wafalme 5). Basi hata hao wanaotaka kuturudisha agano la kale hawaturudishi mahali pazuri pa agano la kale.

Na ijulikane: kumtegemeza mhudumu kwa sadaka ni jambo la Biblia (Wagalatia 6:6). Mimi mwenyewe nala kwa sadaka zenu na ninashukuru. Lakini sadaka ni kitu kimoja, na ada ya kuonana na Mungu kupitia mtu ni kitu kingine. Simoni wa Samaria alijaribu kuweka fedha katikati ya mtu na Roho, na Petro hakumwambia apande mbegu kubwa zaidi (Matendo 8).

"Lakini Waefeso 4:11 inasema kuna manabii hata sasa." Amina, naamini hivyo, na kanisani kwetu karama hiyo ipo. Mtazame Agabo, Matendo 21. Alimwonyesha Paulo kwamba atafungwa Yerusalemu. Ndugu wote wakalia wakimsihi asiende. Lakini Agabo hakumwamulia, na Paulo, aliyejua Bwana amemwambia nini, akaenda. Unabii wa agano jipya humjia mtu ambaye tayari anaongea na Mungu wake. Unathibitisha au unatahadharisha, halafu unapimwa (1 Wathesalonike 5:20-21). Haukuondoi wewe kwenye maombi. Ukikutana na nabii anayekuambia usiolewe, usiongee na mama yako, usimeze dawa, na usimwambie mchungaji wako kwamba ulikuja, ondoka, hata kama alilijua jina lako na rangi ya mlango wa nyumba yenu.

Tumeona mwisho wa njia hii. Mwaka 2023, Shakahola, kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni. Sisemi kila anayejiita nabii ni Shakahola. Nasema kwamba mtu anapofundishwa kwamba Mungu haongei naye isipokuwa kupitia kinywa cha mtu mmoja, hana tena kitu cha kumzuia siku mtu huyo atakaposema jambo baya. Baadhi ya waliokufa walikuwa watoto. Wao hawakuchagua.

"Mchungaji, mbona basi Eliya alishusha moto na sisi hatushushi?" Swali zuri, na anayeliuliza mara nyingi ni kijana. Jibu langu ni kwamba Eliya baada ya moto alikimbia jangwani akaomba afe. Moto ulishuka juu ya madhabahu, ukala sadaka, ukazimika. Yohana Mbatizaji, ambaye Yesu alimweka juu ya wote waliomtangulia, hakufanya muujiza hata mmoja (Yohana 10:41), na bado Yesu akasema mdogo kabisa katika ufalme ana nafasi kubwa kuliko Yohana (Mathayo 11:11). Mdogo kabisa. Huyo anaweza kuwa ni yule kijana aliyeokoka Jumapili iliyopita na hajui hata Habakuki iko wapi. Ukubwa wake hautokani na nguvu zake. Yohana aliinyoshea mlango kidole, na kijana huyu ameingia.

Lakini kuna upande mwingine ambao sisi Wapentekoste hatupendi kuuhubiri. Aliyepewa vingi anadaiwa vingi. Waebrania 10:28-29 inauliza, kama aliyeidharau sheria ya Musa hakuhurumiwa, itakuwaje kwa yule aliyemkanyaga Mwana wa Mungu? Ibrahimu aliishi kwenye hema akimngoja Mungu kwa neno moja la ahadi. Wengine walipigwa mawe, wengine walikatwa kwa misumeno, na mwanga wao ulikuwa wa alfajiri tu. Sisi tuko kwenye jua la saa sita mchana, na wengine wetu hatuwezi kuomba dakika kumi bila kuangalia WhatsApp. Kwa hiyo unapohisi kwamba Mungu hakusikii, jiulize kwanza ni lini mara ya mwisho ulizungumza naye, wewe mwenyewe, bila mtu wa katikati.

Leo usiku, kabla ya kulala, lichukue lile jambo ulilokuwa unaliwekea nauli. Ingia chumbani. Kama mnaishi wengi chumba kimoja, jifunike shuka, Mungu hasumbuki na shuka. Ongea naye kwa lugha ya mama yako kama Kiswahili kinakusumbua. Fungua Waebrania 10:19-22, usome polepole mara mbili, halafu umwambie kila kitu, hata lile ambalo ulipanga kumficha mtumishi.

Na yule dada niliyemtaja ameniruhusu niwaambie kwamba ameanza kuamka saa kumi alfajiri. Hajapata jibu la jambo lake bado. Anasema tu kwamba amekumbuka ile sauti.

Jumatano ibada ya katikati ya wiki ni saa kumi na moja na nusu jioni, tutaendelea na Waebrania sura ya 10. Njooni na Biblia, na mwenye swali aliandike chini hapa nitalijibu. Wanaohitaji kuombewa, nipo. Tutaomba pamoja, na wewe ndiye utakayeanza.